Kumbeba Ng'ombe: Miaka Yangu Chini ya Sanduku la Besi

Nimestaafu kabla ya kufika miaka arobaini. Daktari wa hospitali ya Hombo, kule Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishauri hivyo. Aliubonyezabonyeza uti wangu wa mgongo, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba nabeba sanduku la spika la gitaa la besi. Akauliza tena, safari hii polepole, kama anayeongea na mgonjwa wa kichwa. Kisha akasema mgongo wangu umenitangulia kuzeeka, niache. Nilimtilia shaka, kama nilivyozoea kukitilia shaka kila kitu. Mgongo haukubishana naye.

Nayaandika haya kwa ajili ya Bakari, anayeshika nafasi yangu, na kwa yeyote atakayesimama upande wa pili wa sanduku. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyozoea kuandikia nilipokuwa chuo kikuu Tanzania. Tena bendi sasa ina watu wa Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, na wa Ndzuani, na sitaki upande wowote useme nimeupendelea mwingine.

Niliporudi Moroni na shahada ya historia, askari wa kukodiwa walikuwa wameshakuja, na serikali iliyonipeleka kusoma ilikuwa imeshaondoka. Kila ofisi niliyoingia iliniangalia kama mzigo ulioshushwa bandari isiyo yake. Mpiga besi mmoja, Fundi Ibrahimu, ambaye mama yake alikuwa jirani yetu, aliniambia bendi yake ya taarab inahitaji mtu mwenye mabega. Nikamuuliza kama wanahitaji pia mtu mwenye shahada. Akasema shahada naweza kuja nayo, haina uzito.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Vouvouni, kusini ya Moroni, kwenye ghala la zamani la vanila ambamo bendi ilifanyia mazoezi. Mlangoni alisimama mwanamume mfupi, mpana, mwenye mvi kidogo, bisibisi ikining'inia shingoni mwake kwa uzi. Huyo ndiye Msa, mtu wa Itsandra, aliyelibeba sanduku lile tangu lilipofika kutoka Marseille.

"Wewe ndiye msomi?"

"Ndiye mimi."

"Umesoma nini?"

"Historia, kaka."

"Haya. Ng'ombe hana historia. Shika huku."

Ng'ombe lilikuwa ndilo jina la sanduku. Lilikuwa jeusi, pana kuliko mlango wa kawaida, lenye spika mbili kubwa ndani na vishikio vinne, kimoja kimekatika. Nilishika na kuanza kuhesabu moja, mbili. Msa akanizuia. Alisema watu wawili hawahesabu kwa kasi moja. Anayewahi huumia kiuno na anayechelewa huumia vidole. Yeye alikuwa na neno moja tu: "Pumzi." Akilitamka, nyote mnavuta hewa, na mnainua hewa ikiwa bado ndani. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna. Nilijaribu njia nyingine kwa mwezi mzima, nikarudi kwenye pumzi.

Mambo mengine niliyojifunza kwake nayaweka hapa, Bakari, yakufae. Uso wa Ng'ombe uelekee miilini mwenu, si nje: ukuta ukimkwaruza mgongo bado atalia, ukimkwaruza uso hatalia tena. Kwenye ngazi, mfupi akae chini. Msimu wa mvua mbao hufura, skrubu zilegezwe kidogo, na waya wa nyuma upakwe mafuta, maana hewa ya pwani hula shaba. Mende hupenda karatasi ya spika, ndiyo sababu ndani kuna mfuko wa karafuu. Ubadilishwe kila zikikosa harufu. Mkanda wa turubai unaopita begani ni wangu mimi. Niliuona ukifungia mizigo bandarini nikauliza kwa nini sisi hatuna. Msa alicheka, alicheka tena kesho yake mbele ya watu, kisha akaanza kuutumia.

Karafuu hizo zilitusaidia pia njiani. Kwenye kizuizi cha barabara ya Itsandra, Walinzi wa Rais, ndio wale askari wa kukodiwa, walitaka mgongo wa sanduku ufunguliwe kila tulipopita. Ndiyo maana bisibisi ilikaa shingoni. Siku moja ofisa wao Mzungu aliingiza kichwa ndani mwenyewe, akatoka akipiga chafya mfululizo mpaka kofia ikamwanguka. Tangu hapo alitupungia mkono tupite kabla pikapu haijasimama. Sitaandika zaidi juu yao. Bado wapo.

Lakini nisipolisema hili moja nitakuwa nimeficha msingi wa kazi yetu. Kabla yao, serikali ya mapinduzi ilikuwa imepiga marufuku ndoa kuu. Msomaji wa mbali ajue kwamba Ngazidja mtu anaweza kuoa na kuzaa na kupata wajukuu, na bado akahesabiwa mwana wa mji, yaani kijana, mpaka siku atakapofanya harusi ile kubwa ya kimila, yenye ng'ombe na dhahabu na taarab uwanjani. Akishaifanya ndipo anaitwa mtu mzima. Anakaa kwenye benchi la mawe la bangwe, uwanja wa mji, anasema na kusikilizwa. Asiyeifanya anafagia, anagawa chakula, anabeba. Mimi chuoni niliandika kurasa nyingi nikiunga mkono marufuku ile. Waliokuja na bunduki waliiondoa, harusi zikarudi, taarab ikarudi, na mimi nikapata ajira. Mara nyingi nikiwa chini ya Ng'ombe nilizikumbuka zile kurasa.

Msa alikuwa mwana wa mji. Alikuwa na mke, Zainaba, na binti aliyeolewa Marseille, na mvi kichwani, lakini ndoa kuu hakuwa ameifanya. Kijana mmoja wa Itsandra, Toihiri, mfanyabiashara wa vitambaa, alifanyiwa yake mapema na baba yake mwenye uwezo. Nakumbuka alasiri moja tulipokuwa tunapanga vyombo uwanjani, Toihiri akaita kutoka kwenye benchi:

"Msa! Hapo chini ya miguu ya wazee pana takataka."

"Naam, mheshimiwa."

Msa akaweka bisibisi chini, akachukua ufagio. Alikuwa rika moja na baba yake Toihiri. Toihiri hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anasema linalosemwa.

Tulipopanda pikapu nilishindwa kunyamaza.

"Kaka Msa, yule rais aliyepiga marufuku mambo haya alikuwa anakutetea wewe."

"Alinitetea bila kuniuliza."

"Ungemjibu nini?"

"Ningemwambia ng'ombe wa ndoa yangu nilikuwa nimeshaanza kuwafuga. Vijana wake walikuja wakasema kuanzia leo sote sawa. Nikasema vema. Ila sikuona mtu akija kunifagilia mimi."

"Kwa hiyo unataka na wewe ufagiliwe?"

"Nataka nikikohoa uwanjani, watu wageuke." Akaangalia barabara kidogo. "Wewe hutaki?"

Nilisema nataka watu wageuke kwa sababu ya nilichosema, si kwa sababu ya nilichokula na kulisha. Akasema basi nianze kwa kukohoa.

Miaka ilipita hivyo, kati ya Vouvouni na Moroni na Itsandra, na mara chache baharini mpaka Ndzuani. Kisha binti yake Msa na mume wake walirudi likizo na furushi la fedha la kutosha, na siku yake ikawekwa. Angemwoa Zainaba, mke wake mwenyewe, upya na kwa ukubwa, kama wafanyavyo wengi. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili yangu, kwa kuwa nilijua sheria. Mtu mzima habebi mzigo mbele za watu. Akibeba, mji unamtoza faini, na neno lake uwanjani linarudi kuwa jepesi. Mwenzangu wa sanduku alikuwa anaondoka, na hapakuwa na njia ya kumfanya abaki.

"Hutaikumbuka kazi?" nilimuuliza siku chache kabla.

"Nimengoja tangu hujaota ndevu."

"Sikuulizi kama umengoja. Nauliza kama utaikumbuka."

"Msomi," akasema, "kuna maswali mtu huuliza ili amnyime mwenzake usingizi."

Siku ya harusi yake nilibeba na Bakari kwa mara ya kwanza, kijana wa Mutsamudu mwenye nguvu za fahali wawili na subira ya nusu ya mmoja. Tulichelewa. Tulipoanza kumshusha Ng'ombe kwenye ngazi za mawe kuelekea bangwe, msafara wa bwana harusi ulikuwa unakuja nyuma yetu kutoka msikitini: joho la rangi ya dhahabu, kilemba, miavuli, nyimbo za sifa. Katikati ya ngazi Bakari alikanyaga jiwe lenye ukungu akayumba. Tulisimama tumelishika sanduku kwa meno, na umati ulikuwa unatujia.

Msa alisimama. Hakututazama hata kidogo. Alisimama juu kabisa ya ngazi, akairekebisha mikunjo ya joho, tena kwa utaratibu mkubwa, na kwa kuwa yeye ndiye bwana harusi, hakuna aliyeweza kumpita. Wazee walisimama. Waimbaji walirudia beti. Alirekebisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena ambao haukuwa na kasoro. Tulipolifikisha sanduku chini, joho likawa limekaa sawa.

Baadaye akawa anakuja Vouvouni kwenye mazoezi, anakaa juu ya pipa, amevaa kanzu safi. Tulipoinua, nilimwona mikono ikijikunja ndani ya mikono ya kanzu. Alitoa maelekezo mengi. Bakari alichoka nayo.

"Mheshimiwa, si uje ushike tu?"

"Mwambie mwenzako," Msa akaniambia mimi, "asiwe na mdomo mpana kuliko mabega."

Kisha tukaalikwa kupiga Mutsamudu. Fundi Ibrahimu alimwomba Msa asafiri nasi kama mkubwa wa bendi, maana sasa alikuwa na hadhi ya kutuombea nyumba nzuri za kulala. Safari ya meli haikuwa na neno. Tatizo la Mutsamudu ni mji wenyewe wa kale: vichochoro vyembamba, ngazi, na kona zilizojengwa na watu ambao hawakuwahi kuwazia gitaa la besi. Nyumba ya harusi ilikuwa ndani kabisa. Kwenye kona moja ngazi inapinda huku inapanda, na hapo sanduku halipiti mpaka linyanyuliwe juu ya kichwa cha aliye chini, ligeuzwe, lipitishwe kwa pembe. Aliye chini nilikuwa mimi. Niliponyanyua, kitu kikakatika mgongoni kama uzi wa gitaa. Nikajikuta nimekaa, Ng'ombe ameegemea ukutani juu ya kichwa changu, na Bakari juu kule amening'inia kwenye vishikio.

"Kaka! Inuka!"

"Siwezi."

"Basi sote hatuwezi!"

Dirishani juu yetu mwanamke mmoja alichungulia. "Enyi Wangazidja, mmekuja kupiga muziki au kuzika?"

Msa alikuwa nyuma, amevaa joho na kofia ya kudariziwa, tasbihi mkononi. Alitupa macho huku na huku, nami nikafuata macho yake. Watu wa Mutsamudu wasingejali. Mambo ya benchi la Itsandra hayakuwahusu. Lakini mlangoni mwa duka la vitambaa, hatua chache kutoka kwenye kona, alikuwa amekaa Toihiri, aliyekuja kununua shehena. Yeye neno lake lingefika Itsandra kabla yetu.

"Mheshimiwa Msa!" Toihiri akainuka. "Karibu Mutsamudu. Usijisumbue, watatafutwa watu."

"Wapi?"

Toihiri akatazama kichochoro kilichokuwa kitupu. Bakari akalia kwamba vidole vinamtoka.

Msa alivua joho. Akaangalia pa kuliweka; ngazi ilikuwa inachuruzika maji ya mfereji. Akamnyooshea Toihiri.

"Nishikie, mheshimiwa."

Toihiri alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alilipokea kwa mikono miwili. Juu yake Msa akaweka kofia, na juu ya kofia akaweka tasbihi. Kisha akaingia chini ya Ng'ombe mahali nilipokuwa nimekaa, akaniruka, akakita miguu.

"Pumzi," akasema.

Sanduku likapaa. Likageuka. Likapita kona kama lililopakwa mafuta. Nilikuwa na maumivu ya kutoa machozi, na bado niliona uso wake. Sijamwona mtu akifurahi hivyo, hata siku alipovaa dhahabu.

Mwanamke wa dirishani alikuwa bado yupo. "Na huyo mshika nguo," akauliza, "naye mmekuja naye?"

Ndipo nilipomwona Toihiri akijitazama. Mtu mzima wa Itsandra, amesimama kichochoroni, amebeba joho la mwenzake kwa mikono miwili na kofia juu yake. Kwetu hiyo ni kazi ya mwana wa mji. Faini yake ni ileile ya kubeba sanduku. Alimrudishia Msa vitu vyake, kimoja kimoja, akaingia dukani.

Nikiwa nimelala hospitali Hombo, nilimuuliza Msa kama alikusudia.

"Ngazi ilikuwa na maji," akasema.

Nimelichunguza jibu hilo kwa miaka. Ngazi kweli ilikuwa na maji.

Tulirudi Ngazidja tukingoja. Kila baada ya sala ya Ijumaa nilitegemea kusikia Msa ameitwa mbele ya wazee. Hakuitwa; Toihiri asingeweza kumshitaki bila kujishitaki mwenyewe. Toihiri alimwamkia kwa heshima iliyonyooka kama rula, na Msa akaitikia vivyo hivyo. Mimi nilirudi kazini. Daktari alikuwa amesema niache, nami nilitaka ushahidi zaidi.

Ushahidi ulikuja Itsandra, alasiri, kwenye ngazi zilezile za kushukia bangwe. Vijana wote wa mji walikuwa wameenda kumpokea bwana harusi wa siku hiyo. Uwanjani walibaki wazee kwenye benchi la mawe, Msa na Toihiri miongoni mwao. Nilikuwa chini, Bakari juu. Kwenye ngazi ya katikati mgongo ukakatika tena, safari hii bila onyo, nikaanguka chali, na Ng'ombe akanilalia kifuani. Kilichomzuia asinivunje mbavu ni mikono ya Bakari.

"Kaka, ananiponyoka!"

Msa akasimama. Mzee aliyekaa kando yake, mkubwa wa uwanja, akamshika upindo.

"Msa, kaa. Vijana wanarudi."

"Watamkuta amelala chini ya sanduku."

"Mbele ya mji wote, Msa?"

"Mji wote si huu hapa umekaa?"

Alianza kuvua joho. Safari hii hapakuwa na maji. Benchi alilotoka lilikuwa kavu, safi, limefagiwa. Angeweza kuliweka pale na lisingepata hata vumbi. Lakini alipogeuka nalo mkononi, Toihiri alikuwa ameshasimama. Hakuwa ameitwa. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele ya wazee wote wa Itsandra, anangoja.

Msa akamtazama kidogo. Akampa joho. Akampa kofia. Akashuka ngazi, akaingiza mabega chini ya sanduku, nikasikia neno lile sikioni mwangu, nikavuta hewa na mimi, ingawa sikuwa na cha kuinua.

Wote wawili walitozwa faini, mbuzi mmoja kila mtu. Hakuna aliyebisha. Mbuzi wa faini huliwa na mji, uwanjani, nami nikiwa mwana wa mji niliitwa kuhudumu. Kwa ajili ya mgongo walinisamehe kuchinja na kubeba, wakanipa kazi ya kupuliza moto.

Bakari, mkanda wangu wa turubai umetundikwa nyuma ya mlango wa ghala. Karafuu nimezibadilisha. Kishikio kilichokatika bado kimekatika, usikiamini.

Siku ile ya mbuzi, Msa na Toihiri walikaa sinia moja. Mbuzi wa Msa alikuwa mgumu, wa Toihiri laini, na niliwaona wakibadilishana vipande. Nilikuwa na maswali mengi ya kuwauliza, karibu yote niliyotoka nayo chuoni. Nikainamia moto, nikapuliza.